Baa Iliyofungwa kwa Sababu Yangu

Nilipofaulu mtihani wa kumaliza shule ya msingi, mama alinipandisha juu ya magunia ya maharagwe katika lori lililokuwa likishuka kutoka Kirungu, akanipa kifurushi cha nguo na maneno machache: "Utakaa kwa mudogo wangu. Chochote atakachokuambia, hesabu ni mimi nimekuambia." Huyo mdogo wake aliishi Kalemie, upande wa stesheni, na alikuwa na baa. Kule kwetu milimani watu walimtaja kwa sauti ya chini. Mwanamke mwenye baa, hana mume, halafu apelekewe binti akamlee! Katekista alimwuliza mama waziwazi kama bweni la masista limejaa. Mama akamjibu kwamba masista ni watu wazuri, ila hajanyonya nao ziwa moja.

Nilifika nikiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi. Mama mdogo alinipa maji ya kuoga, akanipa bukari, ugali wa huko, na samaki, akangoja nishibe, kisha akanishika mkono kunizungusha katika lupango lake, kiwanja chote. Nyuma kulikuwa na nyumba ya kulala, vyumba viwili vya matofali. Mbele, ikitazama barabara, ndiyo baa: ukumbi wenye meza saba, kaunta ya mbao, na kabati la barafu lililonguruma mchana kutwa umeme ukiwapo. Kati ya nyumba na baa alikuwa amesimamisha ua wa matete mrefu kuliko mtu, wenye mlango mdogo wa bati. Tulipoufikia akasimama.

"Unaona hapa?"

"Ndiyo, mama mudogo."

"Hapa njo mwisho wako. Asubuhi tukifagia, utapita. Chupa ya kwanza ikifunguliwa, hupite tena. Hata mimi nikikuita. Hata ukisikia ninakufa."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Baadaye niligundua kwamba sheria ile haikuwa yangu peke yangu. Serikali ilikuwa na yake, ya Kifaransa, iliyopigwa chapa kwenye kibao kwamba watoto hawaruhusiwi, na kila baa ya Kalemie ilikuwa na kibao hicho, na katika kila baa watoto waliingia na kutoka kama kuku. Walitumwa bia na baba zao. Walitumwa na mama zao kuwaita baba hao hao. Waliuza karanga na mayai ya kuchemsha kati ya meza, wakamalizia povu lililobaki kwenye glasi, na watu wakubwa wakawapigia makofi. Kwa mama mdogo haikuwa hivyo. Mtoto akija kununua bia, alirudishwa na chupa yake tupu. "Mwambie papa aje mwenyewe, ana miguu." Mtoto akija kumwita baba yake, alisimama ng'ambo ya barabara, na mama mdogo akaingia mwenyewe kumwinamia yule mtu sikioni: "Papa, mutoto wako iko inje. Nenda umusikilize." Na kama mtu yule angesema mtoto na aingie tu, mama mdogo aliiondoa chupa mezani, akaenda nayo kaunta, akaishika hapo mpaka baba ainuke.

Wanaume walimcheka. Waliita baa yake parokia. Lakini walirudi, kwa kuwa bia ilikuwa baridi na mapigano hayakuwapo, na pia nadhani walijisikia vizuri kuwa mahali ambapo mtu anawakumbusha kwamba wana watoto.

Siku moja asubuhi tukiosha glasi nilimwuliza kwa nini anajisumbua hivyo. Alifuta glasi mbili kabla ya kujibu.

"Mimi nilitumwa kumwita baba yangu kwenye pombe toka nikiwa na miaka saba. Kila siku. Nilipita katikati ya watu wakubwa wamelewa, nikamtafuta." Akainua glasi kuitazama kwenye mwanga. "Usiniulize mingine."

Sikumwuliza.

Shuleni nilikaa benchi moja na msichana wa mjini, mrefu, aliyekuwa akifunika mdomo anapocheka kwa sababu jino lake la mbele lilikuwa limevunjika. Hesabu zilimwingia kama wimbo. Baba yake alibeba mizigo bandarini, na nyumbani walikuwa watoto wanane, naye wa kwanza. Wenzangu walicheka Kiswahili changu cha milimani; yeye alinifundisha namna ya kusema ili wasinicheke. Alasiri tulikuja wote kwetu kuandika kazi za shule, tukipitia kijia cha nyuma ambacho hakikugusa baa. Mama mdogo alimpenda. Alimwachia kichwa cha mkebuka, samaki mtamu wa ziwa letu, sehemu ambayo hakumwachia mtu mwingine, hata mimi.

Tulikuwa darasa la pili la sekondari pale mwanamume mmoja alipompakia gari siku ya mvua. Alikuwa mkubwa katika ofisi moja ya serikali, mtu wa abakosti iliyopigwa pasi, koti lile lisilo na tai ambalo wakubwa wote walivaa miaka ile ya Zaire. Umri wake ulikuwa wa baba zetu. Baada ya gari vikaja viatu. Baada ya viatu, saa ya mkononi. Rafiki yangu alinionyesha vitu hivyo kimoja kimoja, akivitoa kwenye mfuko wa madaftari, na kila mara akaniambia, "Usimwambie mama mudogo wako." Nami sikumwambia. Nilijivunia kupewa siri, na viatu vile nilivitamani.

Jumamosi moja alasiri nilikuwa nyuma nikichambua mboga niliposikia gari likisimama mbele, kisha sauti ya mama mdogo, kavu kidogo kuliko kawaida. Nilisogea kwenye matete nikachungulia. Yule mtu alikuwa amesimama mlangoni, na nyuma yake rafiki yangu, amevaa viatu vipya, anatazama sakafu.

"Citoyen, karibu," mama mdogo alisema, akimwita "mwananchi" kwa Kifaransa kama ilivyotakiwa siku zile. "Wewe, karibu. Mutoto arudie kwabo."

"Huyu ni jamaa yangu."

"Jamaa yako ninamujua. Anasomaka na mutoto wangu, wanakulaka sahani moja."

Watu kwenye meza walikuwa wamegeuka kutazama. Yule mtu alitabasamu, akamwinamia kama anayezungumza na kiziwi. "Mama, unajua karatasi yako ya kuuza bia inapita mukononi mwa nani?"

"Ninajua. Wewe nitakupa ya kunywa. Yeye hapana."

Waliondoka. Mama mdogo alisimama pale mlangoni mpaka vumbi la gari likatulia, halafu akanishangaza: alivua kitambaa cha kazi, akamwachia kaunta dada mmoja aliyemsaidia kazi, akaenda kwa miguu mpaka kwa kina rafiki yangu. Alirudi jua linazama. Nilimletea maji ya kunawa miguu, na hapo ndipo aliponieleza, bila kunitazama, alivyojibiwa na baba yule. "Amesema mukubwa anawasaidia. Amesema mimi ninamuletea matata. Ananiuliza, wewe muuza pombe, njo utanifundisha kulea?"

Kisha akanitazama. "Wewe ulijua?"

"Hapana," nikasema.

Huo ndio uongo niliomwambia, na nilimwambia mmoja tu. Jumatatu rafiki yangu alihamia benchi la mbele. Alasiri sasa nilirudi peke yangu, na hesabu zikanishinda.

Wiki kadhaa zilipita. Jirani yetu mmoja, fundi wa reli, akafariki, na Jumamosi mama mdogo akaenda mazikoni tangu asubuhi, amejifunga vitenge viwili. Baa alimwachia yule dada, mwanamke mpole mwenye watoto wadogo nyumbani, aliyeogopa hata kumwambia mteja kwamba glasi imevunjika. Yule mtu wa ofisi alijuaje kwamba mwenye baa hayupo, sijui. Mji ni mdogo. Mnamo saa tisa gari lilisimama, na nilipochungulia kwenye matete niliwaona wameshaketi, meza ya katikati. Yule dada alikuwa akiwafungulia chupa. Rafiki yangu alivaa sketi ya shule. Mbele yake kulikuwa na glasi ya bia.

Ningependa kuandika kwamba nilipita mlango ule kwenda kumtoa. Kwa miaka mingi ndivyo nilivyojisimulia. Lakini ukweli ni kwamba nilipita kwa sababu nilikuwa nimemkumbuka. Nilisukuma bati, nikaingia na mikono yenye harufu ya vitunguu, na uso wake ulipofunguka aliponiona, nilifurahi kuliko siku yoyote tangu nije Kalemie.

"Aa, mutoto muzuri," yule mtu akasema. "Kaa, kaa. Dada, mupe sukre."

Sukre ndilo jina tuliloipa soda. Nilikuwa nimeinywa mara mbili tu maishani kabla ya siku ile, zote mbili sikukuu. Ilikuwa ya machungwa, na baridi ikanipanda mpaka puani. Tulizungumza habari za mwalimu wa hesabu, tukamwiga anavyokohoa, tukacheka. Rafiki yangu alikunywa bia kwa haraka kama anayekunywa dawa. Alifunika mdomo kucheka, na hapo yule mtu akanyoosha mkono, akauweka nyuma ya shingo yake, akauacha hapo. Rafiki yangu aliacha kucheka. Hakusogea. Alishika tu glasi kwa mikono miwili.

Niliona. Nilikuwa na miaka kumi na minne, na niliona vizuri kabisa. Nikainamisha kichwa nikaendelea na sukre yangu.

Sijui ni muda gani ulipita kabla mama mdogo hajaingia. Alikuwa bado na vumbi la makaburini kwenye vitenge. Hakupiga kelele. Alitushika kila mmoja kifundo cha mkono, akatuinua, akatupitisha mlango wa bati, akatuketisha kwenye ngazi ya nyumba, akarudi. Tulimsikia akisema, "Citoyen, inuka." Tukasikia kiti. Halafu sauti ya yule mtu, tulivu kabisa, ya mtu anayerekebisha koti:

"Sawa, mama. Watu wanasemaka baa yako haingie mutoto. Mimi leo nimekuta wawili."

Siku tatu baadaye iliwasili karatasi ya kutuita kwenye ofisi ya yule mtu, mimi na mama mdogo. Tulitembea mpaka karibu na ofisi, ndipo akasimama kunifunga kifungo cha shingo. "Watakuuliza," akasema. "Sema kweli. Usiongeze, usipunguze."

Karani alikuwa kijana mwenye mashine ya kuandikia. Yule mkubwa hakuwapo chumbani, hakuhitaji kuwapo. Mama mdogo aliwekwa kwenye benchi ukutani, mimi nikasimama mbele ya meza.

"Siku ya Jumamosi, ulikuwa ndani ya baa?"

"Ndiyo."

"Ulikunywa?"

"Nilikunywa sukre."

"Sikuuliza nini. Ulikunywa ao hukunywa?"

"Nilikunywa."

Mashine ikalia. "Kulikuwa mwanafunzi mwengine?"

"Kulikuwa. Lakini yeye alikuja na..."

Karani aliinua vidole vyote kumi juu ya mashine, akavishika hewani. "Sijakuuliza alikuja na nani."

Nilimgeukia mama mdogo. Alikuwa akinitazama moja kwa moja, na uso wake haukuniambia kitu. Karani akashusha vidole, akaandika mstari mrefu, akaichomoa karatasi, akanipa kalamu. Nikaweka sahihi. Nilikuwa na mwandiko mzuri, darasani walinisifu, na hata siku ile, Mungu anisamehe, niliandika jina langu kwa uangalifu, na mkia wa herufi ya mwisho nikaukunja vizuri.

Baa ilifungwa wiki hiyo hiyo. Watu wawili walipitisha mnyororo mlangoni, wakabandika tangazo kwamba mahali hapa pamefungwa kwa kupokea watoto na kuwauzia vinywaji. Mama mdogo alilisoma mara moja akiwa amesimama jua kali. Nilichoshindwa kusahau ni wanawake wa barabara yetu, wale wale ambao watoto wao alikuwa akiwasimamisha ng'ambo kwa usalama. Walikuja kusoma, wakatazamana. Mmoja alisema, si kwa ubaya, "Kumbe!" Neno hilo moja. Lilizunguka mtaa, likapanda lori la maharagwe, likafika Kirungu.

Mama alishuka kuja kunichukua. Waliongea na mdogo wake chumbani mchana mzima, na walipotoka wote wawili walikuwa wamevimba macho, na uamuzi ulikuwa nibaki nimalize masomo. Mama mdogo akaanza kukausha samaki na kuwapeleka sokoni. Kila alfajiri alikwenda ufukweni mwa ziwa kuwangojea wavuvi, yeye aliyekuwa ameketi kwenye kaunta yake miaka tisa, na mikono yake ikapasuka kwa chumvi ya kukaushia. Zile baa nyingine za upande wa stesheni ziliendelea kama zamani. Watoto waliingia, watoto walitoka.

Rafiki yangu alipelekwa huko na yule mtu, na hakuna aliyemwambia arudi kwao. Kabla ya mwaka wa shule kwisha tumbo lilionekana, na mkuu wa shule akamwondoa, kama walivyoondolewa wasichana wote wenye mimba. Yule mtu alihamishiwa mji mwingine na cheo kikubwa zaidi. Baba wa rafiki yangu akampakia binti yake treni mpaka Niemba, kwa nyanya. Sikwenda stesheni kumuaga. Tulikaa umbali wa kusikia filimbi ya treni, na asubuhi ile niliisikia.

Kilichoniumiza zaidi ni kwamba mama mdogo hakunipiga, wala hakunigombeza. Nilingoja. Nilivunja sahani makusudi ili aanze. Mwishowe, tukiwa tunageuza samaki kwenye chanja, nikamwuliza.

"Mama mudogo, mbona hukunichapa?"

"Kwa kusema kweli?"

"Kwa kupita mulango."

Aligeuza samaki watatu, wanne. Moshi ulikuwa ukimjia usoni lakini hakusogea.

"Wewe ni mutoto," akasema. "Ule mulango niliuweka kwa sababu watoto wanapitaka. Kama mutoto anapita, ni muntu mukubwa njo hakukuwa pale." Akageuza mwingine. "Nilikwenda kuzika. Heri ningemwacha jirani azikwe bila mimi."

Nilitaka kumwambia kwamba nilijua habari za viatu na saa tangu mwanzo, kwamba nilipomjibu hapana nilidanganya. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Akaniomba nimletee kuni, nikaenda kuleta kuni, na niliporudi sikuyasema. Sikuyasema kamwe, mpaka alipofariki, nikiwa tayari mwalimu, kwa ugonjwa wa kifua ambao daktari alisema ni wa moshi.

Mwaka mmoja baada ya kumzika nilikuwa sokoni kununua mihogo, nikamwona mwanamke mrefu ameketi nyuma ya gunia la karanga, pamoja na msichana wa miaka kama tisa. Alicheka na mteja, akafunika mdomo. Nikamwendea.

Aliinuka kunisalimia, akanishika mikono yote miwili. Alikuwa amerudi Kalemie tangu msimu wa mvua. Aliniuliza habari za kwetu Kirungu, akaniuliza kama ni kweli ninafundisha. Halafu akasema:

"Na mama mudogo wako?"

"Tumemuzika mwaka jana."

Aliketi. Akatia mkono ndani ya gunia.

"Nilimuchukia sana," akasema. "Alinitoa mbele ya watu kama mwizi. Siku ile tulipokuwa wawili, unakumbuka? Alinipa chakula, akaningojea nile, akanisindikiza kwetu. Njiani akaniambia nikipata shida nirudi kwake, siku yoyote, hata nikiwa nimekosa. Shida ilipokuja, nilifika mpaka kwenye kijia chenu cha nyuma. Nikaona mnyororo kwenye baa. Nikasema, haya yote ni mimi, ninaingiaje? Nikarudia kwetu."

Binti yake alikuwa akipanga vikopo vya kupimia, kikubwa chini, kidogo juu, kwa makini sana.

"Niliona mukono wake," nikasema. "Siku ile, kwenye shingo yako. Niliona, na niliendelea kunywa."

Hakuonyesha kushangaa. Alinitazama muda mrefu, bila hasira, kama mtu anayetafuta uso wa zamani ndani ya uso mpya.

"Ninajua," akasema. "Nilikuona unaona."

Mteja akaja, akamgeukia kumpimia. Nilibaki nimesimama pale na mihogo yangu. Akaja mwingine, na wa tatu mwenye haraka, naye akawapimia wote, akiwapa nyongeza kidogo kila mmoja kama wafanyavyo wauzaji wazuri. Nilimwuliza binti anasoma darasa la ngapi. Akajibu mwenyewe, kwa sauti ndogo, kwamba hasomi.